Leteni Kitu Kilichokuwepo

Darasa la saba, chumba cha pili kutoka ngazini,
Virginia Magharibi, Februari, theluji imegeuka tope,
na bomba la joto linagonga ukutani
kama mgeni ambaye hajafunguliwa.
Nimeandika ubaoni maneno sita ya wiki:
shajara, hati, shahidi, dondoo, upendeleo, tafsiri.
Keziah anauliza kama upendeleo ni kitu kizuri,
maana bibi yake humpendelea yeye akikata pai.
Kizuri kwako, namwambia. Kamuulize ndugu yako.

Chini yake mstari, na pande mbili:
chanzo cha msingi, chanzo cha upili.
Aliyekuwepo. Aliyesimuliwa.
Miaka kumi na tisa nafundisha somo hili,
maneno yamelainika mdomoni kama peremende,
hayana tena ncha.

Kitabu chetu, ukurasa wa mia mbili na nne,
kimeupa mgodi wetu sentensi moja:
makaa ya mawe yaliuletea ukanda huu ustawi.
Odell anacheka, anatazama nje,
duka la viatu lililopigiliwa mbao,
benki iliyogeuzwa kanisa, kisha ghala, kisha basi.
Ustawi, nasema, ni neno la saba. Liandikeni.
Na kazi ya nyumbani:
leteni kitu kilichokuwepo.

Jumatatu theluji ilirudi, na meza zikajaa.
Kopo la chakula, bati limebonyea upande mmoja.
Kadi ya chama cha wafanyakazi, mihuri ya miezi minne tu.
Hati ya mshahara ya babu mkuu wa Marlena:
mafuta ya taa, daktari, baruti, duka la kampuni,
na mwisho wa safu, penye jumla,
mstari wa wino uliojipinda. Hakuna senti.
"Hii haidanganyi," Marlena akasema, "ni ya siku ileile."
Na kalamu alishika nani?
Akaigeuza. Akasoma jina la karani wa kampuni.
"Kwa hiyo hata aliyekuwepo..."
Hakumaliza, nami sikummalizia.

Ndipo Thaddeus Hruska,
ambaye tangu Septemba naijua sauti yake
kwa "nipo" moja ya asubuhi,
akatoa bahasha ya kahawia, kubwa kuliko mkoba wake,
akaenda dirishani bila kuomba ruhusa
na kwa viganja viwili akabana kiooni
picha ya eksirei.

Kifua cha babu yake.
Mbavu, vidato vya ngazi ya kushukia,
na katikati ya vidato madoa meupe,
mengi, madogo,
huku nyuma yake, ng'ambo ya kioo, ikianguka theluji,
hata usijue ipi iko ndani.

"Hakuandika shajara," akasema. "Kuandika kunamsumbua.
Alishuka miaka thelathini na mmoja.
Hii imejiandika."

Odell, bila kucheka: "Na daktari alisemaje?"
"Ya daktari ni ya upili. Alilipwa na kampuni.
Aliandika pengine ni sigara."
"Babu yako anavuta?"
"Hajawahi."

Bomba likagonga. Keziah akafungua daftari,
na pale penye neno upendeleo
akafuta kitu, akaandika kingine, akakifunika kwa mkono.

Ijumaa jaribio. Swali la tano:
eleza, kwa maneno yako, chanzo cha upili.
Wengi wamenirudishia maneno yangu, mkato kwa mkato.
Thaddeus, kwa penseli, herufi zimelalia kushoto:
"Ni mimi, babu akishaondoka."

Mwongozo wa kusahihisha unataka
"kazi iliyotungwa na mtu asiyeshuhudia tukio."
Nimekaa na kalamu nyekundu
mpaka mfagizi amezima taa za ukumbini.
Nimempa alama zote.
Kisha chini, kwa herufi ndogo, nikaongeza:
Bado yupo. Muulize leo. Andika tarehe.